Tafsiri ya Kaka Mwinshehe

Kaka yangu Mwinshehe, karani hapa Kisarawe, alitafsiri kwa Kiswahili programu huria ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, kwa miaka sita bila malipo. Tafsiri yake ilitumiwa na shule moja tu, ya Kongowe. Mwaka jana wenye programu hiyo waliweka tamko la kulaani vita iliyokuwa ikiendelea kwenye ukurasa wake wa kwanza, na mkuu wa shule akaiondoa programu asije akaambiwa analeta siasa shuleni.

Kaka, aliyewaombea wafu wa vita hiyo kila Ijumaa, aliwaandikia walisogeze pembeni. Walimjibu kwamba kunyamaza nako ni kuchagua upande.

“Hawajakosea, Nuria,” aliniambia. “Mkuu naye anaogopa. Sasa tafsiri yangu ataisoma nani?”

Alifariki mwezi wa Shaabani. Baada ya hitima niliwasha kompyuta yake. Programu ilikuwa na vitufe vipya, vyote bado vya Kiingereza. Dua namwombea. Kutafsiri siwezi.