Anayemdai Binti Yangu

Siku tulipomzika binti yangu nilisimama kando ya kaburi nikasema maneno ambayo kwetu lazima yasemwe. Kwa kawaida huyasema baba wa marehemu, lakini baba yake alikuwa amelala hapo kando miaka mingi, kwa hiyo niliyasema mimi. Nilisema, "Kama kuna mtu anamdai binti yangu, aje kwangu. Asimfuate huko aliko. Na kama kuna anayedaiwa na yeye, Mungu anamjua." Watu walicheka kidogo hapo mwisho, kama watu wanavyocheka matangani, kisha wakaendelea kulia.

Hayo si maneno ya kupamba mazishi. Sisi wa Waithaka, hapa pembeni mwa Nairobi, tuliolelewa na wazee wetu tunajua mtu hapumziki ardhini na deni juu yake. Walionisikia walikuja. Mama mboga wa Kileleshwa, karibu na fleti aliyokuwa amepanga binti yangu, alikuja na jirani yake awe shahidi. Akaniambia ni sukuma na nyanya na ndizi za wakati ule binti yangu anaumwa, hawezi kushuka ngazi. Nikamlipa, tukanywa chai, akaenda. Fundi wa nguo alileta gauni lenyewe, lilikuwa halijachukuliwa. Nikalipa nikalichukua. Sijui nitalifanyia nini, mimi ni mnene. Lakini deni la marehemu linadaiwa hivyo: unakuja kwa miguu yako, unasema lilikuwa la nini, na unaleta anayelijua.

Kisha ikaja simu.

Alikuwa kijana, sauti yake ya upole kama ya mtu anayeuza sabuni. Alimtaja binti yangu kwa majina yake yote matatu akauliza kama yupo. Nikamwambia amekufa, tumezika, na kama anamdai aje kwangu.

"Pole sana, mathe. Mimi napiga kutoka kampuni ya kadi. Alikuwa na kadi yetu ya mkopo." Akataja pesa. Nilitafuta kigoda nikakaa. "Sasa mathe, utatuma leo ama kesho?"

"Njoo nyumbani na shahidi wako."

"Sisi hatukujangi nyumbani, mathe."

"Basi mnadai vipi?"

"Kwa simu."

"Deni ya maiti haidaiwi kwa simu, kijana."

Alicheka. Hakuwa mtoto mbaya, alikuwa kazini. Lakini aliendelea kupiga, na kila akipiga hesabu ilikuwa imepanda. Siku moja nikamuuliza, "Imeongezeka kwa nini? Amenunua nini huko aliko?" Akasema ni riba na faini ya kuchelewa. Nikamwambia aliyechelewa amechelewa kabisa, nikakata simu. Halafu nilikaa jikoni nikalia mpaka maziwa yakamwagika motoni.

Pesa hizo sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni kipande cha shamba kando ya barabara, kile ninachopandia majani ya nepia ya ng'ombe wangu. Watu wanaojenga maghorofa walikuwa wamekiulizia tangu zamani, na nilikuwa nimewafukuza tangu zamani. Sasa shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuja akasimama hapo kwenye nepia akikipima kwa macho.

"Uza," akasema. "Uliongea mbele ya kaburi. Neno likishatoka limetoka."

"Nilisema nitalipa. Sikusema nitalipa nisichokiona."

"Hao hawapeani pesa bure, mama. Alitia saini. Kila mkopo una mkataba."

"Basi nionyeshwe alipotia saini."

"Na ukionyeshwa?"

"Nikionyeshwa nitauza."

Alitikisa kichwa. Alisema tangu nilipoletwa katika boma lile nimekuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Nikamwambia jiwe la kusagia ndilo lililomlisha.

Nilivaa kitambaa changu cha kanisa nikaenda mjini. Ofisi yao iko juu, ghorofa ambayo lifti inafika na masikio yameziba. Sakafu inang'aa hata unaogopa kukanyaga. Msichana aliyekuwa dirishani alinisikiliza, akaniambia kwa adabu, kama anaongea na nyanya yake, "Shosho, kopi ya mkataba tunampea mwenye kadi peke yake. Aje mwenyewe na kitambulisho."

"Mwenye kadi yuko nyuma ya nyumba yangu. Nimempandia maua."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa alishika mdomo.

"Mkitaka pesa," nikasema, "mama yake ni mimi. Mkitakiwa karatasi, mama yake si mimi?"

Akanieleza kinachotakiwa: cheti cha kifo, barua ya chifu kwamba mimi ndiye mzazi, kopi ya kitambulisho changu, na ombi la maandishi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa chifu nilipanga foleni na watu wa mashamba na wanaogombana na waume zao. Karani aliniuliza barua ni ya kufanyia nini. Nikasema, ya kuthibitisha kwamba nilimzaa. Akaacha kuandika, akaniangalia, akaandika. Ombi niliandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwa sababu ndogo zinanishinda. Niliandika: NAOMBA KOPI YA MAKUBALIANO YENU NA BINTI YANGU NIJUE ALIKUBALI NINI.

Waliniita baada ya muda mrefu, nilikuwa nimeshaanza kufikiri wamenitupa. Msichana yule yule alinitoa dirishani akanikalisha kwenye kiti, akaweka karatasi mezani. Zilikuwa za Kiingereza, maandishi kama chungu waliokufa. Akanisomea kwa Kiswahili pole pole, hapa kiwango, hapa riba, hapa faini. Halafu akageuza ya mwisho, na mimi sikuhitaji kusomewa. Saini ilikuwa yake. Ile herufi ya kwanza kubwa, iliyolala kama mtu anayetembea kwenye upepo. Nilikuwa nimeomba, niseme ukweli, nilikuwa nimeomba usiku na mchana isiwe yake.

"Alinunua nini?" nikauliza.

Msichana alifungua kompyuta yake. "Duka la dawa," akasema. "Duka la dawa. Supamaketi, kidogo. Duka la dawa. Hospitali. Duka la dawa." Akaacha kusoma. "Ni hivyo hivyo, shosho, mpaka mwisho."

Jumapili alikuwa akija nyumbani na kusema dawa inalipiwa na kazini kwake, nisijali, nimtilie supu zaidi. Nikamtilia.

Nilijipangusa na kitambaa. Nikamwambia msichana, "Sawa. Umekuja na karatasi, umesema ni ya nini. Nimekubali deni."

Aliangalia nyuma, akainama karibu yangu. "Shosho, nisikilize. Jina lako haliko hapa. Hukusaini popote. Huyo anakupigia simu hawezi kukulazimisha, deni ni ya mali yake yeye, kama aliacha mali. Nenda nyumbani."

"Aliacha kitanda na sufuria."

"Basi imeishia hapo."

Ningefurahi. Mtu mwingine angefurahi. Nilimshukuru, kwa sababu alichoniambia kingeweza kumfukuzisha kazi. Lakini mimi nilikuwa nimesema, na niliyemwambia hakuwa huyu msichana wala kampuni yake.

"Nitalipa alichochukua," nikasema. "Dawa alikunywa. Lakini hiyo riba na faini mliyoongeza tangu tuzike, hiyo siijui. Maiti haongezi deni. Andika hivyo kwa mkubwa wako."

"Shosho, kweli?"

"Andika."

Aliandika. Sijui aliandika vipi. Kijana wa simu alinyamaza kwa majuma kadhaa, kisha ikaja barua, na shemeji akanisomea. Walikuwa wamerudisha hesabu mahali ilipokuwa siku ya kifo, na nilipe kidogo kidogo nikitaka. Shemeji alisoma mara mbili akitafuta mahali anaposhikwa mtu. Hakupata. Akasema, "Kwa hivyo huuzi." Nikamwambia aende akawaambie wale wa maghorofa nepia bado inaota.

Sasa kila mwisho wa mwezi, wapangaji wa vyumba vyangu viwili vya mabati wakilipa kodi, natuma. Itachukua miaka, na huenda nikaondoka kabla ya kumaliza. Nimeshamwambia mwanangu wa kiume deni litakalobaki ni lake. Alinuna, lakini alisikia.

Kwa sababu nalipia namba ya kadi yake, ujumbe wa kampuni hauniandikii mimi. Unaingia kwenye simu yangu na majina yake yote matatu. Unasema ahsante, malipo yako yamepokelewa. Husema hivyo kama amelipa mwenyewe, kama ametoka kazini akapitia mahali akalipa. Mara ya kwanza niliusoma nimesimama. Siku hizi nakaa kwanza.