Githeri ya Ploti Nzima

Juzi hapa Membley wakazi tuliitwa mkutano. Mtaalamu akatuonyesha picha za mji fulani wa ng'ambo, msafi, umejaa miti, akasema tukiufuata vivyo hivyo tutakuwa tumeokoa mazingira. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje, maana, rafiki yangu, maneno hayo niliyasikia kule mtaa wa mabanda wa Kiandutu miaka ya tisini nikiwa mtoto, na hasira yake haijanitoka.

Ploti yetu ilikuwa vyumba vya mabati vilivyozunguka uwanja mmoja. Katikati palikuwa na mafiga matatu na sufuria kubwa ya githeri. Asubuhi kila mama aliyekwenda kibarua alipita akamwaga mahindi na maharagwe yake, akaacha na kuni. Cucu, nyanya yangu, ndiye aliyelinda moto mchana kutwa, akiongeza maji na kusengenya na kila aliyepita. Jioni kila nyumba ilichota fungu lake ikaenda kukaanga kwake. Harufu ya vitunguu ilitoka milango yote kwa pamoja, na kina mama walimtania cucu kwamba maharagwe laini huwa anayaficha.

Kisha wakaja watu wa mradi wa kutunza miti, nao na picha za kwao ng'ambo. Wangetujengea vyumba vizuri, kila kimoja na jikoni yake na jiko la kubana makaa. Uwanja ungekuwa bustani.

Jirani yetu muuza mboga aliinua mkono. "Sasa githeri tutachemshia wapi?"

"Kila mama atapikia kwake," akajibiwa.

"Wee! Kwani huko kwenu maharagwe inaiva saa ngapi?" cucu akauliza. Watu wakacheka, na mkutano ukafungwa kwa maombi.

Vyumba vilijengwa, mafiga yakang'olewa. Jiko lenyewe lilikuwa zuri, sikatai. Lakini sasa kila mama alirudi jioni amechoka, akaanza kuchemsha maharagwe yake peke yake, na majiko yote yale yakala makaa ya miti mingi kuliko kuni za moto wetu mmoja. Waliokuja kuokoa miti wakatuzidishia kuichoma! Nyasi za ile bustani nazo zilikauka kiangazi cha kwanza.

Inaniuma kwamba moto ule haukuwahi kurudi. Cucu alikaa mlangoni, uwanja mtupu mbele yake, hana wa kumtania. Alisema githeri ya mtu mmoja haichemshwi. Akawa anakula mkate na chai, peke yake, mpaka tulipomzika.