Fundi Kesho na Gari la Mkewe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mwongo kuliko mafundi wenzake. Ila gari likiingia katika karakana yake halikutoka mpaka yeye mwenyewe aridhike, na kuridhika kwake kulikuja kwa kusuasua. "Njoo kesho," alimwambia mteja huku akijifuta grisi, na mteja akaja kesho, na keshokutwa, na mtondo. Walinung'unika, lakini walirudi, maana gari lililopita mikononi mwake halikumwacha mtu njiani.

Sifa yake kubwa ilikuwa magari ya kuvuta tela. Akishafunga ndoano ya kuvutia tela chini ya chesi, alitaka kujua nyuma ya gari itabonyea kiasi gani kichwa cha tela kitakapoilalia. Mizani hakuwa nayo. Alikuwa na mke.

"Mama, njoo unipimie!"

Mkewe, mkunga mstaafu mwenye mwili wake, alitoka jikoni akapanda juu ya ubao uliolazwa kwenye ndoano, mfuko wa saruji miguuni, mkono begani kwa mumewe. Mke na mfuko mmoja: hicho ndicho kilikuwa kipimo.

"Fundi, mizani yako leo imekula?" wateja walichokoza.

"Imekula ikashiba," mkunga alijibu akiwa hukohuko juu, "na miaka ishirini haijamdanganya mtu. Wewe je?"

Kisha mkunga akaugua tumbo. Wakampasua, wakamtundikia dawa, na mwisho daktari akawaambia maneno ambayo fundi aliyasikia nusu.

"Amesema ukapumzike nyumbani," fundi alirudia njia nzima. "Umesikia? Kupumzika tu."

Mkewe alitazama nje ya dirisha.

Walipofika nyumbani alitamka haja yake moja. Kilikuwapo kigari chake cheupe, kilichompeleka kuzalisha watu miaka kumi na minne, usiku na mchana, mpaka injini ikafa. Alikuwa ameahidi kumpa mdogo wake, aliyeishi milimani, mwendo wa siku nzima. Huko kulikuwa na mtu wa kukitia injini nyingine.

"Nataka nimkabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu," alisema. "Na nimfundishe, maana yule hajui hata breki iko wapi."

Fundi akaliingiza karakanani gari lao aina ya jipu, la miaka ishirini na miwili, akaazima tela. Wiki ya kwanza alibadilisha matairi na waya za taa. Wiki ya pili alifungua breki za tela, akazisafisha, akazifunga, akazifungua tena. Halafu akasema gia ya jipu itachemka kwenye ule mlima bila kipoza oili, na kipoza hicho kilikuwa kimeagizwa. Wiki ijayo kingefika. Ikaja nyingine, kikawa bado wiki ijayo.

Asubuhi moja, kwa kuwa mikono yake haikuweza kukaa bure, akaita kama zamani. "Mama, njoo unipimie!"

Mkewe alitoka polepole, amevaa gauni pana na sweta juu yake. Fundi akamsaidia kupanda, akauweka mfuko, akapima kwa vidole nyuma ya gari imeshuka kiasi gani. Kwenye jipu hili, mke na mfuko mmoja siku zote walikuwa vidole vinne. Akapima, havikutimia hata vitatu. Akapima tena. Akalala chali, akaingia uvunguni na tochi.

"Kuna kitu kimeshika springi," alisema kutoka kule chini. "Haishuki."

"Hakuna kilichoshika."

"Nakwambia kipo. Labda kutu."

"Baba," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "springi haina kosa. Ni mimi."

Tochi ilibaki ikimulika chuma.  Kutoka pale uvunguni fundi aliona miguu ya mkewe tu, na vifundo vyake vilivyochongoka ndani ya viatu vilivyompwaya. Sijui ni mara ngapi alikuwa amevifunga viatu vile kwa mikono yake mwenyewe bila kuviona vifundo hivyo.

"Ile kesho yako wape wateja," sauti kutoka juu iliendelea. "Sitaki mdogo wangu aletewe funguo na mtu, aambiwe dada yako alisema. Nishushe, nimechoka."

Akamshusha.  Siku hiyohiyo alifanya jambo ambalo angemfukuzia fundi mwingine: alichomoa kipoza cha zamani kwenye gari bovu lililotupwa nyuma ya karakana, akakisukutua mara tatu, akakifunga. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, kigari kilikuwa juu ya tela, minyororo imekazwa, mkunga amekaa mbele na mto mgongoni.

Walipanda mlima kwa mwendo wa jongoo. Madereva wa nyuma walipiga honi na kutukana. Jioni wakafika.

Mdogo mtu alitoka mbio, akamwona dada yake, akasimama ghafla. Kisha akajikaza. "Dada, umekuwa msichana! Shemeji, humlishi?"

"Acha maneno, shika," mkunga alisema, akamwekea funguo kiganjani, akamkunjia vidole. "Ingia. Darasa linaanza."

Wakakishusha kigari kwa kukisukuma. Dada wawili wakaketi ndani, mkubwa upande wa abiria.

"Haina injini, dada."

"Mwanafunzi naye hana akili, tutakwenda sawa. Kanyaga klachi. Ile ya kushoto! Hiyo ni breki, utaniua kabla ya siku yangu. Haya. Weka gia ya kwanza. Sasa..."

Fundi, aliyekuwa akiweka mawe kwenye magurudumu, aliinuka. Mkewe alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, macho ameyafumba, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Mdogo mtu alikuwa amekanyaga klachi kwa nguvu zote, akitazama mbele kwa machozi, akisubiri.

Fundi akainamia dirisha.

"Sasa achia," alisema. "Polepole. Usiishtue."