Baba Alikuja Kubeba Bakuli

Baba yangu hakwenda jela kumtembelea mtu. Hilo naomba lieleweke tangu mwanzo, maana yeye mwenyewe alilirudia njia nzima kutoka Koboko hadi Arua, akamweleza hata abiria wa kiti cha nyuma ambaye wala hakuwa ameuliza. Alikuwa amebeba bakuli tu. Mimi, binti yake, ndiye niliyekuwa natembelea.

Bakuli lilikuwa la mdogo wangu wa kiume, aliyefungwa kwa sababu ya marobota ya nguo. Alikuwa akifanya kazi na mawakala wa mizigo pale Oraba, mpakani, na siku moja marobota aliyoachiwa ayalinde yakaondoka bila mwenyewe kujua. Baba ni askari mstaafu, mtoto wa askari, mjukuu wa askari. Alipopata habari alisimama barazani pa msikiti, mbele ya wazee wenzake, akaapa kwa Mungu kwamba hatakula tena chombo kimoja na mwizi. Kwetu sisi hilo si dogo. Kwetu wanaume hula sinia moja, mkono kando ya mkono, na ukimwondoa mtu kwenye sinia umemwondoa nyumbani.

Sasa kifungo kilikuwa kinakaribia kwisha. Mara ya mwisho nilipokwenda, mdogo wangu alinituma neno: kama Baba hatamwambia kwa kinywa chake arudi, akifunguliwa atavuka mpaka aende zake Sudan Kusini, na tusimtafute. Mama alipolisikia aliacha kulala. Baba alipolisikia alisema Sudan Kusini ni nchi kubwa, ina nafasi. Kisha akatoka nje, akaisafisha baiskeli ambayo tayari ilikuwa safi.

Mama hakubishana naye. Mama akianza kunyamaza, sisi watoto huwa tunaangalia mlango uko wapi. Asubuhi ya safari alikaanga gurusa, ile mikate yetu minene na laini, akapika mchuzi wa nyama na karanga, akafunga vyote kwenye bakuli la plastiki. Halafu akamwambia Baba, ambaye alikuwa anakwenda Arua kupimwa macho, kwamba bega langu linauma na siwezi kubeba kitu. Ndiyo kwanza nami nikapata habari za bega langu. Nilipokuwa namuaga alinivuta pembeni.

“Usimupokee ile bakuli,” alisema. “Hata akichoka.”

Nilidhani anamuonea huruma mtoto, ili baba mtu walau afike getini. Bado sikuwa nimemjua mama yangu vizuri.

Huko getini Baba alifurahi kuliko nilivyomwona kwenye harusi yoyote. Ua ulikuwa umefagiwa, mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa. Kundi la wafungwa wenye sare za njano lilikuwa linarudi kutoka shambani na majembe begani, likachuchumaa kwa mistari lihesabiwe. Nikamweleza ninayoyajua: wanahesabiwa asubuhi, wanahesabiwa wakitoka, wanahesabiwa wakirudi, chakula ni posho, ule ugali wa mahindi, na maharage, leo na kesho, usiku wanalala ubavu kwa ubavu, na mmoja akitaka kugeuka inabidi nyapara, mfungwa mwenzao aliyepewa kuwasimamia, awaamuru wote wageuke. Mimi yale mambo yalikuwa yananichoma roho. Baba aliuliza nani anapuliza filimbi.

“Hapa iko adabu,” alisema kwa sauti, ili askari wasikie. “Amri ni amri.”

Askari jela wa zamu alikuwa mwanamke kijana wa pande za Ayivu, mwenye msalaba mdogo shingoni na kijiko mkononi. Aliuliza nani amebeba chakula. Baba akajibu kama anaitwa kwenye gwaride kwamba ni yeye. Basi aonje, askari akasema, maana pale aliyebeba ndiye anayeonja, wasije wakaleta sumu au kitu cha kulevya. Ndipo nikaelewa habari za bega langu. Mama alikuwa ameonja pale getini miezi mingi kabla ya goti kumkatalia safari. Aliijua ile sheria kuliko walioitunga.

Baba alisimama na bakuli kifuani. Alieleza kwa heshima kwamba ana kiapo. Askari naye alieleza kwa heshima kwamba kama mzee ana kiapo, chakula kitabaki hapo. Baba akanionyesha mimi kwa kidevu, na askari akasema huyo hakubeba. Nikaangalia pembeni na kulishika bega langu, ambalo lilikuwa limeanza kuuma kweli.

Tukakaa kwenye benchi. Baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuonja si kula. Mpishi aliyefunga saumu, alisema, anaruhusiwa kugusa chumvi kwa ncha ya ulimi ilimradi ateme. Nikamjibu kwamba sheria za dini anazijua yeye. Akainuka, akarudi kwa askari, akamega kipande kidogo cha gurusa, akachovya, akaweka mdomoni, akafunga midomo. Akabaki hivyo, macho juu, anatafuta pa kutemea.

“Meza, mzee,” askari alisema.

Baba alimtazama. Nadhani alikuwa anatafuta cheo chake begani, aone kama anawajibika kutii. Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka. Askari akamwonyesha nyama kwa kijiko, na nyama nayo ikafuata, safari hii bila kuambiwa. Mchuzi wa Mama ni mchuzi wa Mama, hata ukiwa umeapa.

Tuliingia tukaketi upande wetu wa waya. Mdogo wangu aliletwa, akachuchumaa upande wa pili, amekonda, kichwa kimenyolewa. Alimwona Baba, akainamisha macho papo hapo. Baba alikuwa anasoma namba iliyoandikwa kwenye sare. Hakuna aliyesalimia. Nikaanza kueleza habari za mbuzi wetu aliyezaa, na hata mimi mwenyewe sikuwa nasikiliza. Niliogopa sana kwamba tutaondoka hivihivi, na nitarudi kwa Mama na bakuli tupu, bila neno.

Askari alimpitishia chakula. Mdogo wangu akafungua kifuniko, akaona gurusa ya juu imemegwa. Akanitazama mimi.

“Leo nani alionja?”

Nikamtazama Baba. Nilikuwa nimekwishabeba uongo wa bega, ulinitosha.

“Mimi,” Baba akasema.

“Alimeza?” Bado alikuwa ananiuliza mimi.

“Nilimeza,” Baba akasema. “Na nyama pia.”

Mdogo wangu aliitazama ile gurusa. Hakuigeuza. Alianza kumega palepale Baba alipomega, akachovya, akala. Mchuzi ukadondokea sare. Baba alijisafisha koo.

“Ile kiapo iko juu yangu,” alisema. “Nitalisha maskini, Mungu atasamehe. Wewe, siku watafungua wewe, usipite Oraba. Panda gari ya asubuhi. Mimi nitakuwa steji ya Koboko.”

Mdogo wangu alikuwa na chakula kinywani, asiweze kujibu. Akaitikia kwa kichwa, tena na tena, anatafuna huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na anamega kingine kabla hajamaliza kile cha kwanza.

“Kula pole pole,” Baba akamwambia. “Hakuna mutu anakunyang’anya.”