Nilivyoipalilia Ngano ya Baba Yake Rehema

Jamani, hili nalisimulia uso ukiwa umeniwaka, kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimekulia kwenye dagaa na migebuka, jembe nalijua kwa kuliona dukani. Sasa siku niliyokwenda Simbo kujitambulisha kwa baba yake mchumba wangu Rehema, mzee akaniuliza kama kulima najua, nami (sijui nilitumwa na nani) nikajibu, "Kilimo ndiyo maisha yangu, Mzee."

Akafurahi, akanipeleka shambani. Msimu huo alikuwa anajaribu ngano, kitu ambacho majirani zake hawajawahi kupanda, na mbegu aliletewa na ndugu yake kutoka huko milimani. Nusu ya shamba aliilima, nusu hakuigusa, aliacha mabua ya mahindi yalivyolala akachomeka mbegu humohumo, aone ipi itazaa vizuri.

"Kule nilikolima magugu yamefukiwa," akaniambia. "Huku kwenye mabua unyevu unakaa, ila magugu yanatamba. Nipalilie huku, mwanangu, kwa mkono. Ngano unaijua?"

"Naijua sana, Mzee." (Ninayoijua mimi ni ya chapati.)

Akaenda zake msikitini. Mbele yangu kulikuwa na vijani vyembamba kama nyasi za uwanja wa mpira, na miche ya majani mapana iliyonawiri kweli kweli. Nikasema nyasi ni nyasi, nikazing'oa zote, nikawatupia mbuzi waliofungwa kando ya shamba, kisha nikatazama upande uliolimwa nikakuta nyasi zilezile, tena zimejaa mistari kwa mistari, nikamhurumia mzee wa watu, kumbe huko ndiko magugu yamemshinda kabisa, nikahamia na huko.

Mzee akarudi na majirani, kawaleta waone ngano yake. Nikawakaribisha mwenyewe, jasho linanitoka, natabasamu! Mzee akainama, akashika mche mmoja wa majani mapana.

"Hiki ni kishona nguo, ni gugu," akasema polepole. "Ngano iko wapi?"

Nikawatazama mbuzi. Jirani mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka, kwa sababu mbegu nyingine hakuwa nayo na jaribio lake lilikuwa limeishia pale.

Rehema alinisindikiza hadi barabarani, ndipo akasema, "Ngano baba atasamehe. Mimi naogopa jingine. Kama umeona haya kuuliza jani, siku mambo yakikushinda nyumbani kwetu utaniambia, au utaendelea kung'oa tu?"

Nikapanda bodaboda. Toka siku hiyo nimeapa sitasema najua kitu nisichokijua, hata aniulize nani. Mnaniuliza kama wazee wake wataipokea posa yangu? Sijui, jamani. Kwa kweli, sijui.