"Hold" na Vidole vya Mama Winchi

Kwenye ghala la mashine walimwita Mama Winchi. Kwa miaka kumi na tisa alifunga mizigo kwa mnyororo na kuiongoza kwa kamba inaponing'inia kwenye winchi, mpaka itue.

Akaletwa msimamizi mpya, mgeni asiyejua Kiswahili. Siku hiyo jenereta kubwa ilikuwa hewani, ikaanza kuyumba, naye akapaza sauti: "Hold! Hold!" Alitaka kila mtu angoje. Mama Winchi alilijua neno hilo kwa maana moja tu, shika. Akajizungushia kamba mkononi, akakaza. Jenereta ikageuka, kamba ikavuta, vidole viwili vikavunjika. Ripoti ikaandikwa: amekaidi amri.

Aliambiwa apumzike wiki sita. Apumzike vipi? Mkono una plasta, anafungua kabati, analifunga, anaenda dirishani, anarudi. Siku ya tatu akamvamia mdogo wake, karani wa mapokezi hospitalini, aliyekuwa akipiga pasi.

"Nipe maneno yote ya Kiingereza ya kushika."

"Dada, si ukae kwanza?"

"Nikikaa mwili unawasha. Nipe!"

Mdogo mtu akaweka pasi kando. "Grip ni kushika kwa kubana. Grab ni kunyakua. Contain ni kama debe na maji, yaani yamo ndani yake. Sasa hold ina mambo. Kwenye simu namwambia mtu hold, maana yake angoje, asikate."

"Huku shika, huku ngoja? Hawa watu wazima kweli?"

"Na sisi je? Unashika kamba, unashika njia, unashika mimba. Mgeni aelewe lipi?"

Kicheko kikamtoka, kikakatika. Kumbe hakukaidi kitu.

Kesho yake, plasta ikiwa bado mkononi, akatinga ofisini na mwendesha winchi wa kumtafsiria. "Mwambie nilitii. Neno lake ndilo lilikuwa na maana mbili. Ripoti ibadilishwe."

Msimamizi alisikiliza, akautazama ule mkono. Kisha akaomba radhi, akaandika ripoti upya mbele yao, akauliza atumie neno gani.

"Ngoja," Mama Winchi akamwambia.

"Ngonja," akajaribu. Ghala zima likamcheka wiki nzima, lakini alilitumia.

Kidole kimoja hakikukunjika tena, kwa hiyo kamba hakurudishiwa. Siku hizi anafundisha wafungaji wapya. Mzigo ukipaa hasimami mahali pamoja, na ule mkono usioumia hujikunja wenyewe kana kwamba umeshika kamba, mpaka mzigo uguse sakafu.