Maziwa Niliyokunywa Nkololo

Wakinikaribisha kusema mikutanoni, kwanza hunipamba. Mama huyu ndiye wa kwanza katika kata yetu kusimama mbele ya wanaume akatetea watoto wa kike wasome. Mama huyu amejenga vyumba nyuma ya mashine yake ya kukoboa mpunga, na wasichana wa vijijini wanalala humo bure ili wasitembee porini kwenda sekondari. Ni kweli yote. Mimi si mtu wa kukataa sifa ninayostahili. Nilianza kwa kuuza michembe, viazi vya kukausha, sokoni Bariadi, nimekaa chini juu ya gunia. Leo mashine ni yangu, kiwanja ni changu, na elimu yangu ni darasa la nne ambalo halikuisha. Ila wakishanipamba, lazima sauti ya mwanaume itoke kule nyuma: "Mama, karibu maziwa!" Watu wanacheka. Wageni wa mkoani wanaangaliana. Habari hiyo naieleza mwenyewe hapa, maana wengine wanaieleza vibaya.

Kaka yangu anaishi Nkololo, kwenye kaya ya baba yetu, ndani ya ua uleule wa minyaa. Tumebaki sisi wawili tu. Kwa Kisukuma ananiita ilumbu, ndugu wa kike, na akilitaja neno hilo kwa upole ujue anataka kitu. Mwaka ule binti yake alikuwa amemaliza darasa la saba na amechaguliwa kwenda sekondari. Tulikubaliana, mimi na kaka, kwamba Januari mtoto atahamia kwangu Bariadi asomee hapa. Alikubali kichwa kikiwa chini. Nilidhani ni heshima.

Kabla mvua hazijaanza akanipigia simu. "Ilumbu, kaburi la baba linatitia. Ukoo umeamua tulijengee. Njoo Jumamosi."

Nikanunua mfuko wa saruji. Nikaupakia kwenye bodaboda, nikaukumbatia kati yangu na dereva njia nzima kama mtoto mgonjwa. Dereva akaniuliza, "Mama, unakwenda kujenga au kuzika?" Nikamwambia aangalie barabara.

Nilifika jua likiwa utosini. Sikuona jembe, sikuona mchanga, sikuona tofali. Niliona wanaume nisiowajua wamekaa kwenye vigoda karibu na zizi, nikasema hao ndio mafundi. Wifi yangu, mke wa kaka, alinipokea mlangoni.

"Mwadila, wifi."

"Mwadila. Habari za hapa?"

"Nzuri. Ingia kivulini. Umechoka."

Akaniingiza chumba cha nyuma, akaniletea kata ya maziwa. Hakunitazama usoni. Kiu ilikuwa imenishika tangu njiani, na mimi nikinywa siachi nusu. Nikamaliza yote, nikafuta mdomo. Kabla sijaweka kata chini, vigelegele vikapigwa nje.

Sijawahi kushangiliwa kwa kunywa maziwa. Nikajua hapo hapo.

Niwaambie wasiojua. Kwa ukoo wetu, ng'ombe wa mahari wanaweza kuletwa wakajaza zizi, lakini hawajapokelewa mpaka shangazi wa binti, ambaye sisi tunamwita sengi, anywe maziwa ya mmoja wao. Na kuna sababu. Ng'ombe walionioa mimi ndio kaka aliowatoa kumwoa wifi. Kwa hiyo watoto wa wifi wamezaliwa kwa ng'ombe wangu, na baba yao hawezi kumtoa binti bila koo langu. Koo likishapitisha, limepitisha. Ndiyo maana bibi yangu alinifundisha mapema kabisa: ukiingia kwenye kaya yenye binti wa ndugu yako, uliza kwanza maziwa ni ya ng'ombe gani. Hata nikiwa na homa nakumbuka. Lakini ile ilikuwa nyumba ya baba yangu. Nani anauliza maziwa nyumbani kwao?

Kaka akaingia, kofia mkononi, anacheka kwa haya.

"Asante, ilumbu. Umetuheshimisha."

"Kaburi liko wapi?"

"Kaburi lipo. Halikimbii."

"Na saruji niliyobeba?"

"Saruji ni baraka. Tutaifanyia kazi." Akakaa kwenye kitanda. "Sikiliza. Kijana wangu mkubwa anataka kuoa, na mimi pamba imenitupa. Binti ataolewa, ng'ombe hawa watamwolea kaka yake mke. Ni njia ileile. Wewe ulinifanyia mimi, yeye anamfanyia kaka yake. Umekufa wewe? Si una mashine?"

Akatoka. Nilitaka kumfuata nikashindwa, maana mlango wa chumba kile unatokea sebuleni, sebule inatokea uani, na uani wamekaa wale wageni. Dirisha ni la kupitisha mkono. Nakijua chumba kile. Nilikaa humo humo siku ng'ombe wangu walipoletwa, nikiwa darasa la nne, nimevaa sketi ya shule kwa sababu sikuwa na nguo nyingine nzuri. Mwalimu alikuja kuniulizia. Baba akamwuliza, "Mwalimu, una ng'ombe?" Mwalimu akaangalia viatu vyake, akaondoka. Niliuona mgongo wake kupitia dirisha hilo hilo. Baadaye wamepiga lipu ukutani, lakini chumba ni kilekile, hata harufu.

Binti akaja kuchukua kata. Akapiga goti.

"Shikamoo, sengi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanasema umekunywa."

"Nimekunywa."

Akaitazama ile kata, ndani ilikuwa bado nyeupe. "Basi," akasema. Hakulia. Angelia ningepata la kufanya, ningemshika, ningemwambia nyamaza. Alisimama tu na kata yake kama mtu aliyefika stendi akakuta gari limeondoka.

Nikatoa simu. Mtendaji wa kata namba yake ninayo, na anajua nikipiga si salamu. Kumwoza mwanafunzi ni jela, na jela yenyewe ndefu. Nikaiangalia ile namba. Nikipiga, kaka yangu anafungwa pingu mbele ya kaburi la baba. Mtoto atasoma, ndiyo, lakini atasoma akiitwa aliyemfunga baba yake. Na wale wazazi wa Nkololo na vijiji vya huko, wanaoniletea mabinti wao kwa kusitasita, watasema mama yule ana vyumba mbele na polisi nyuma. Hakuna atakayeleta tena. Nisipopiga, nitakuwa mwanamke anayepiga kelele mikutanoni halafu mdomo wake huo huo umemwoza mtoto wa kaka yake. Kila upande niliogeukia palikuwa na ukuta wa baba yangu.

Wifi akarudi, akasimama mlangoni.

"Wifi," nikamwambia, "nikiyatapika je?"

"Hata ukiyatapika, vigelegele vimeshapigwa."

"Na wewe ukanipa kwa mikono yako."

"Nilipewa nikupe." Akaangalia uani. "Mimi nimewahi kuulizwa lini katika nyumba hii?"

Yeye aliletwa hapa kwa ng'ombe wangu. Hata hilo hakuna aliyeuliza, si kwake wala kwangu.

Nikakaa. Nje wanacheka, wanasifia mapembe. Ndipo mshenga wa upande wa mwanaume, mzee mwenye kofia ya pama na maneno mengi, akapaza sauti: "Sengi atoke sasa! Atuonyeshe zizi la kulaza mifugo yake, tupumzike!"

Hilo nalo ni la desturi. Aliyepokea ndiye anayetaja zizi. Ni maneno ya kumalizia tu, kila sengi hutoka akasema "zizi la kaka yangu", wanapiga makofi, wanakula. Niliyasikia yale maneno nikainuka. Magoti yangu yana tatizo, lakini siku hiyo yalisahau.

Nikatoka uani. "Nani kapokea ng'ombe hawa?"

"Si wewe?" mshenga akasema. "Au maziwa yalipita puani?"

Wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Nikitaja zizi, nani anabadilisha?"

"Hakuna. Hata mganga habadilishi."

"Umesema mwenyewe, na hawa wamesikia. Hawalali hapa. Wanalala ninakotaka mimi. Nawaswaga sasa hivi."

Kaka akasimama. "Ilumbu! Mjini utawalaza wapi, kwenye mashine?"

"Watakula pumba. Watanenepa kuliko wewe."

"Acha utani."

"Mimi nimekuja na saruji kujenga kaburi la baba. Nani kaanza utani?"

Alimgeukia mshenga amsaidie, na mshenga akawa anakuna kidevu. Alikuwa ameshatamka mbele ya watu. Mzee kama yule akila maneno yake, nani atamtuma tena kuposa?

Nikaenda zizini. Kijana mkubwa wa kaka, yule anayetaka kuoa, alikuwa amesimama mbele ya miti inayofunga mlango.

"Sengi, usinifanyie hivi."

"Sikufanyii wewe."

"Lakini ni mimi."

Neno hilo ninalo mpaka leo. Nilimpita, nikavuta ile miti mmoja mmoja, nikaitupa chini, na hakunisaidia wala hakunizuia.

Ng'ombe wakaanza kutoka, wanasukumana. Hapo wifi, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetuma mtu kisimani: "Ng'ombe hawaswagwi na mtu mmoja. Wewe binti, chukua fimbo, mfuate shangazi yako."

Kaka akafungua mdomo. Lakini kweli ng'ombe hawaswagwi na mtu mmoja, na wale walikuwa wameshaanza kuingia kwenye mihogo ya jirani. Binti akachukua fimbo. Njiani ndipo niliona amevaa gauni mbili, moja juu ya nyingine, kwenye jua lile, na viatu vya shule ameviingiza kifuani. Sikumwuliza nani alimvalisha.

Tukafika njia panda. Kushoto ni Bariadi. Kulia ni kuvuka mto, ambao wakati huo ni mchanga mtupu, kwenda kijiji walikotoka wale ng'ombe. Sikuwapiga hata fimbo. Ng'ombe anajua kwao; walipinda kulia wenyewe. Mshenga alikuwa nyuma na baiskeli, anahema.

"Mama, Bariadi ni huko!"

"Najua Bariadi iliko. Nakaa huko."

"Umetuchezea!"

"Panda baiskeli, tangulia, ukawaambie wafungue zizi."

Mwenye ng'ombe, huyo aliyetaka kuoa, alikuwa amekaa nje na majirani zake. Mwanaume wa makamo, tumbo zuri, si mtu mbaya wa sura. Nikasimama mbele yake, simu nimeishika mkononi ambapo anaiona, nikasema, "Nilipokea kwa koo hili. Nawarudisha kwa mkono wangu. Aliyepokea amerudisha, hakuna deni la mtu." Ng'ombe wakirudishwa hivyo, mbele ya majirani, hawapelekwi tena. Hilo analijua kila mtu huku.

Akamtazama msichana mwenye fimbo, vumbi mpaka nyusi.

"Binti mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nilidhani mkubwa," akasema. Halafu akaita wafungue zizi. Majirani walikuwa wanamtazama, ikabidi atafute la kusema kulinda uso wake. "Na maziwa yangu je?"

"Maziwa njoo uyadai Bariadi."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Hapo ndipo lilipozaliwa hilo "karibu maziwa" ninalopigiwa mikutanoni. Wacheke tu. Huwa najibu, "Nilishashiba," halafu naendelea na hotuba yangu.

Binti yuko kidato cha pili sasa. Analalamikia maharage, analalamikia kelele za mashine, hesabu zinamsumbua. Hajawahi kunishukuru na sikumtoa ili anishukuru. Kaka yake alikwenda machimboni, hajaoa.

Kaka yangu hapokei simu zangu. Ameweka mlango wa bati kwenye ua wa minyaa, na ametangaza kwamba mimi nisikanyage pale. Nimesimama mbele ya wakuu wa wilaya bila kutetemeka, lakini mlango ule wa bati nimeufikia mara moja nikageuza bodaboda. Baba yuko ndani. Mama yuko ndani, kaburi kando ya kaburi. Mimi umri umekwenda, na mahali pangu pa kulala, pembeni ya mama, ni humo ndani. Ua uliokuwa unanizuia nisitoke ndio huo huo sasa unanizuia nisiingie.

Wifi hunipigia akiwa shambani, kwa siri. Nilimwuliza saruji yangu iko wapi. Akasema iliachwa palepale ukutani, mvua ikainyeshea, imeganda na mfuko wake. "Kaka yako huwa anaikalia jioni," akasema. "Anatazama barabara."

"Anatazama nini?"

"Wifi, mimi naulizwa?"

Saruji iliyoganda haina kazi. Nimenunua mfuko mwingine. Uko hapa mashineni, juu ya mbao, nimeufunika nailoni, na wasichana nimewaonya asiukalie mtu.